JAN CZEKANOWSKI: MPOLANDI ALIYEIPIMA RWANDA

Yeyote aliyepata kushika zamu ya usiku karibu na daraja la mto Rusizi, hapa Cyangugu, anajua jinsi taa za Bukavu zinavyoonekana karibu, hata mtu hudhani kwamba akinyosha mkono atazigusa. Mto huu mwembamba, uchukuao maji ya ziwa Kivu na kuyateremsha hadi Tanganyika, ulifanywa mpaka wa nchi katika mazungumzo ya Brussels mwezi Mei 1910, baina ya Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza. Hakuna Mnyarwanda aliyeketi katika meza ile. Kisiwa cha Idjwi kilikwenda Kongo na ukingo huu ukabaki Rwanda.

Tulipokuwa katika chuo cha makadeti, mkufunzi wetu wa ramani alikuwa na desturi ya kutuuliza kwanza ni nani aliyeichora ramani, na mwaka gani, kabla ya kuturuhusu kusoma hata kilima kimoja. Wakati ule tuliona ni kupoteza muda. Leo swali lile ndilo lililotuongoza kuandika habari za mtu ambaye vitabu vyake ni miongoni mwa maandishi ya kale yaliyo mapana kuliko mengi juu ya Rwanda, naye hakuwa Mjerumani wala Mbelgiji. Alikuwa Mpolandi, mtoto wa taifa ambalo siku hizo halikuwa na dola, jeshi wala mpaka.

Jan Czekanowski alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1882 katika kijiji cha Głuchów, karibu na mji wa Grójec, kusini ya Warsaw. Ndugu wasomaji wakumbuke kwamba Poland ilikuwa imegawanywa na jirani zake watatu, yaani Urusi, Prussia na Austria, na tangu mwaka 1795 haikuonekana tena katika ramani ya Ulaya kama nchi huru. Głuchów ilikuwa upande wa Mrusi. Kijana huyu alisoma Warsaw, kisha akahamia Libau, bandari ya bahari ya Baltiki ambayo leo imo Latvia, na huko ndiko alikomaliza masomo ya sekondari. Mwaka 1902 aliingia chuo kikuu cha Zürich, Uswisi, akajifunza elimu ya binadamu chini ya Profesa Rudolf Martin, pamoja na elimu ya viungo vya mwili na hesabu.

Hiyo hesabu tusiipite upesi, kwa sababu ndiyo iliyomtofautisha na wenziwe. Wataalamu wengi wa zama zile walimtazama mtu na kutoa hukumu kwa jicho. Czekanowski alitaka namba. Alipima, akaandika, akalinganisha kipimo na kipimo, akaamini kwamba namba haiwezi kumdanganya mtu. Tutaona mbele jinsi imani hiyo ilivyompeleka mahali pema na mahali pabaya pia.

Kutoka Zürich alikwenda Berlin, akapata kazi katika Makumbusho ya Kifalme ya Mila na Desturi, ambamo Felix von Luschan alikuwa akikusanya mafuvu ya watu kutoka pande zote za dunia. Huko ndiko alikochaguliwa kuingia katika msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg. Mwaka 1907 msafara huo ulifika Bukoba ukianza safari ya kuvuka Afrika ya Kati. Walikuwamo Luteni von Wiese, afisa wa jeshi. Weiss, mpimaji wa ardhi. Kirschstein, mtaalamu wa miamba. Mildbraed, mtaalamu wa mimea. Schubotz wa wanyama. Von Raven, daktari. Na Czekanowski, ambaye kazi yake ilikuwa watu. Alikuwa na umri wa miaka 24, sawa na luteni wetu wengi wanaoanza kuongoza kikosi. Nyuma yao walikuja askari na mamia ya wapagazi Waafrika, ambao majina yao hayakupewa nafasi juu ya majalada ya vitabu. Sisi tuliozoea kupanga misafara ya kijeshi twajua kwamba bila wapagazi hao, hata karatasi moja isingefika ziwa Kivu.

Mwezi Agosti mwaka huohuo Duke alifika Nyanza, kwenye makao ya Mwami Yuhi Musinga. Picha moja ya siku zile imeizunguka dunia: kijana wa Kinyarwanda yuko angani, amelivuka gongo la kurukia, na chini yake wamesimama Duke mwenyewe na afisa wake, kofia zao hazimfikii hata miguu. Tumewaonyesha baadhi ya vijana wetu wa michezo picha hiyo, wakakaa kimya.

Sehemu ya msafara ilipita katika msitu wa Rugege, ambao leo twauita Nyungwe na ambao ukingo wake umo katika wilaya yetu ya Rusizi. Mildbraed alikusanya humo majani na maua, akayakausha na kuyapeleka Berlin. Mengi ya aina hiyo yaliyotunzwa katika bustani ya mimea ya Dahlem yaliteketea mwaka 1943 mabomu yalipoangukia mji. Twalitaja jambo hili kwa sababu watu hudhani kwamba kitu kikishapelekwa Ulaya na kuwekwa katika kabati la kioo, kimepona. Sivyo.

Nchi waliyoiingia ilikuwa imekwisha kuonja bunduki za wageni. Mwaka 1896 majeshi ya Rwanda yalishambulia kituo cha watu wa Dola ya Kongo kilichowekwa Shangi, kandokando ya ziwa, mahali ambapo kwa muda mrefu palihesabiwa ni Cyangugu na leo pamo katika wilaya ya Nyamasheke. Mashujaa wetu walikwenda kwa mikuki na pinde, bunduki zikawavunja, na mkuu wao Bisangwa akauawa. Baadaye Wajerumani walijenga kituo chao palepale. Na hapohapo Shangi alijenga nyumba Daktari Richard Kandt, aliyekuja kuwa Mkazi wa Kijerumani nchini Rwanda na mwanzilishi wa mji wa Kigali mwaka 1907. Wachache hukumbuka kwamba Kandt naye alizaliwa Poznań, mji wa Poland uliokuwa chini ya Prussia, ingawa yeye alijihesabu Mjerumani. Kwa hiyo watu wawili waliozaliwa katika nchi isiyokuwapo kwenye ramani waliandika mengi ya yale ambayo dunia ya nje ilikuja kuyajua juu ya nchi yetu.

Czekanowski alifanya nini nchini? Aliuliza. Aliuliza juu ya koo na miiko yake, juu ya ng'ombe na jinsi wanavyogawiwa, juu ya mashamba na nani mwenye haki ya kuyakata, juu ya kodi na kazi za lazima, juu ya machifu na mipaka ya amri zao. Hakuridhika na maneno ya wakuu wa Nyanza peke yake. Aliona kwamba katika pande za kaskazini, kama Mulera na Bugoyi, amri ya makao ya Mwami haikuwa na nguvu sawa na katikati ya nchi. Hapa kwetu Kinyaga, kama Cyangugu ilivyoitwa zamani, hali haikuwa mbali na hiyo: Bukunzi na Busozo zilikuwa na watawala wao wenyewe, na Wabelgiji ndio waliozivunja kwa nguvu katika miaka ya 1920. Wanahistoria wa baadaye, akiwemo Jan Vansina, walivifungua tena vitabu vya Mpolandi huyu walipotaka kujua Rwanda ilikuwaje kabla ya mkoloni kuipanga upya.

Pia alibeba fonografu, mashine ya kunasa sauti juu ya silinda za nta. Waimbaji wa Rwanda waliimba mbele ya pembe ya mashine ile, na nyimbo zao zikapelekwa Berlin. Huko Erich von Hornbostel aliziandika kwa alama za muziki na kuzichapisha mwaka 1917 ndani ya juzuu la Czekanowski. Silinda za nyumba ile ya sauti zilikuwa na safari yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili zilifichwa mbali na mabomu, Warusi wakazichukua hadi Leningrad, kisha zikarudishwa Berlin ya Mashariki, na mwaka 1991 zikarejea katika makumbusho yake ya asili. Mwaka 1999 UNESCO iliuandika mkusanyo huo wa sauti katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Mpaka hapa msomaji anaweza kumpenda mtu huyu, nasi hatumkatazi. Lakini Czekanowski hakukusanya maneno na nyimbo tu. Alipima vichwa, pua na urefu wa watu waliokuwa hai, akawapanga Wahutu, Watutsi na Watwa kana kwamba ni mifugo ya mbegu tofauti. Tena alikusanya mafuvu ya wafu. Yalitolewa katika makaburi na mahali pa kuwalaza marehemu, bila ridhaa ya jamaa zao, yakapakiwa katika masanduku na kuandikwa namba, yakavuka bahari. Sehemu kubwa ya mafuvu ya Wanyarwanda yaliyofika Berlin yalitokana na msafara huu. Kwetu askari jambo hili si geni kulielewa: hata adui aliyeanguka vitani huzikwa, na anayeivunja heshima hiyo hushitakiwa. Wale hawakuwa hata maadui.

Baada ya Rwanda aliachana na Duke, akazama mwenyewe katika misitu na mbuga zilizo baina ya Kongo na Nile, kwa Wazande na Wamangbetu na watu wengine wa Uele na Ituri. Aliporudi Ulaya alianza kuandika, na uandishi huo ulimchukua karibu miaka 20. Kazi yake juu ya nchi zilizo kati ya Nile na Kongo ilitoka kwa Kijerumani katika juzuu 5, la kwanza kuchapishwa likiwa la mwaka 1911 na la mwisho la 1927. Vita Kuu ya Kwanza ilipita katikati ya kazi hiyo, dola tatu zilizoigawa Poland zikaanguka, na mwandishi akaendelea kusahihisha majedwali.

Mwaka 1909 alichapisha makala juu ya mafuvu ya binadamu wa kale, na humo akaonyesha njia mpya ya kupanga vitu vinavyofanana. Tuieleze kwa maneno mepesi. Chukua watu 20 na vipimo vyao, linganisha kila mmoja na kila mwingine, andika tofauti katika jedwali. Kisha badala ya namba weka alama: nyeusi nzito kwa wanaofanana sana, nyepesi kwa wanaotofautiana. Halafu hamisha mistari mpaka weusi ukusanyike pamoja, na makundi yatajitokeza yenyewe mbele ya macho. Jedwali hilo linaitwa kwa jina lake hadi leo, na wanaotumia kompyuta kupanga mimea au vyungu vya kale wanajua kwamba alikuwa miongoni mwa waliotangulia. Mwaka 1913 alitoa kitabu cha Kipolandi juu ya njia za takwimu, na mwaka huohuo, baada ya kutumika katika makumbusho ya St. Petersburg, akapewa uprofesa katika chuo kikuu cha Lwów.

Lwów ni mji wenye bahati mbaya. Alipofika ulikuwa wa Austria. Mwaka 1918 Poland ilipofufuka, ukapiganiwa na kuwa wa Poland. Mwaka 1939 waliuchukua Wasovieti, mwaka 1941 Wajerumani, mwaka 1944 Wasovieti tena, na leo ni mji wa Ukraine uitwao Lviv. Czekanowski aliishi humo katika zama hizo karibu zote. Serikali mpya ya Poland ilipokwenda Paris mwaka 1919 kudai mipaka yake, alikuwa miongoni mwa wataalamu walioandamana na ujumbe, kwa sababu mezani paliulizwa ni watu gani wanaokaa wapi, na yeye alikuwa na namba. Aliyeona mipaka ya Afrika ikipangwa na wageni sasa alikuwa katika upande wa wale wanaokwenda kuuliza mpaka wao. Aliwahi pia kuwa mkuu wa chuo chake, kati ya mwaka 1934 na 1936.

Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba mwanafunzi wake Jan Mydlarski aliongoza, katika miaka ya 1920, kazi ya kuwapima askari wa jeshi la Poland. Maelfu kwa maelfu ya vijana waliosimama kwenye mstari wa kambi walipimwa urefu, kichwa, rangi ya macho na ya nywele, na namba zao zikawa ramani ya watu wa nchi nzima, jimbo kwa jimbo. Askari hao walikuwa Wazungu, raia wa nchi huru. Walipimwa, wakavaa shati zao na kurudi kwenye gwaride. Babu zetu walipimwa bila kuwa na pa kulalamikia.

Wajerumani walipoingia Lwów mwaka 1941, mwezi Julai waliwaua maprofesa wengi wa mji ule pamoja na baadhi ya jamaa zao, juu ya vilima vya Wuleckie. Czekanowski alinusurika. Katika miaka hiyo ya hofu alifanya tendo ambalo Poland humkumbukia hadi leo. Kulikuwako watu wachache waitwao Wakaraimu, wafuasi wa Agano la Kale wasioikubali Talmudi, wenye lugha ya asili ya Kituruki, waliokaa Halicz, Łuck na Troki. Wanazi walipokuwa wakiwaangamiza Wayahudi, palizuka swali kama Wakaraimu nao ni Wayahudi. Swali hilo halikuwa la kitabuni; jibu moja lilikuwa uhai na la pili lilikuwa shimo. Czekanowski aliandika kitaalamu, kwa vipimo na historia, kwamba asili yao ni ya Kituruki. Anahesabiwa miongoni mwa wale waliosaidia kuwaokoa.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Aliwaokoa kwa kutumia lugha ileile ya wauaji, lugha ya asili na vipimo, kwa kuwa hiyo tu ndiyo waliyoisikia. Wayahudi wa Lwów hawakuwa na jedwali la kuwatetea. Na kwetu Rwanda, fikra ileile kwamba watu wa nchi moja, lugha moja na koo zilezile ni mbegu tatu mbalimbali haikuishia katika vitabu vya mwaka 1917. Wabelgiji waliitia katika vitambulisho katika miaka ya 1930. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vitambulisho hivyo vilidaiwa penye vizuizi vya barabara, na hapa Cyangugu watu wengi wanajua kilichofuata kwa aliyetoa kadi yake. Hatusemi kwamba Czekanowski ndiye aliyeyatenda hayo. Hakuwatawala Wanyarwanda wala hakuandika vitambulisho. Lakini kipimo chake kilikuwa mojawapo ya vile vilivyoifanya fikra ile ionekane kuwa elimu, na sisi hatuwezi kumsifu kwa Wakaraimu huku tukilinyamazia hilo.

Lwów ilipotoka mikononi mwa Poland, mzee huyu alianza upya akiwa amepita miaka 60. Alifundisha Lublin, kisha Poznań, mji alikozaliwa Kandt wa Shangi. Mwaka 1958, nusu karne baada ya safari, alichapisha kwa Kipolandi shajara yake ya Afrika, ambayo jina lake lataja misitu ya mto Aruwimi. Tufikirie shajara hiyo imepita wapi: Berlin, St. Petersburg, Lwów ya dola tano, vita viwili vya dunia, na mwenyewe kuhama mji kwa mji. Wengi waliopoteza nyumba walipoteza na karatasi. Yeye aliyabeba maandishi ya safari yake mpaka yakafika kwa mpiga chapa. Mwandishi wa makala haya, ambaye amewahi kuona kumbukumbu za kikosi zikiliwa na mchwa ndani ya kabati la chuma, anamwonea kijicho kidogo.

Binti yake Anna, aliyezaliwa Lwów mwaka 1929, alikuja kuwa mtaalamu mashuhuri wa muziki wa watu wa mataifa mbalimbali. Hatujui kitu kilichofaa zaidi katika nyumba ya mtu aliyebeba nyimbo za Rwanda juu ya nta.

Jan Czekanowski alifariki tarehe 20 Julai 1965 mjini Szczecin, akiwa na umri wa miaka 82. Alipokuwa kijana akimtumikia Duke, Szczecin ulikuwa mji wa Ujerumani. Alipokufa ulikuwa wa Poland. Mwaka 2012 wenyeji walimsimamishia sanamu katika uwanja mmoja wa mji huo.

Mafuvu yalibaki Berlin. Baada ya kuhamishwa kutoka nyumba hii hadi nyumba ile, mwaka 2011 yaliingia mikononi mwa taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali yaliyokuwa ya Prussia. Tangu mwaka 2017 watafiti wake, wakishirikiana na wataalamu kutoka Rwanda, walianza kuyachunguza mafuvu yaliyotoka katika eneo lililokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, moja baada ya jingine, wakilinganisha maandishi yaliyo juu ya mfupa na barua, orodha na vitabu vya msafara. Hapo ndipo karatasi za Czekanowski zilipofanya kazi ambayo hakuikusudia. Kwa kuwa mtu huyu alikuwa mwangalifu kupita kiasi, akiandika namba na mahali, iliwezekana baada ya miaka 110 kujua wafu hawa walichukuliwa upande gani wa nchi.

Mwezi Septemba 2023 matokeo yalitangazwa, na taasisi ikasema iko tayari kuyarudisha. Mafuvu yaliyochunguzwa yalikuwa 1,135. Yaliyotambuliwa kuwa ya Kenya ni 22, ya Tanzania 202, na ya Rwanda 904. Yaliyosalia, 7 kwa idadi, hayakuweza kupangiwa nchi yoyote.